Filimbi Nne za Noeli

Nyabusalu,
18 Juni 1995

Mwanangu Shigela,

Salamu nyingi kutoka huku ufukweni. Mimi sijambo, isipokuwa macho. Moshi wa kuni umeyafanya mekundu tangu Pasaka, na Paskazia, yule nesi wa zahanati yetu, amenipa dawa ya kudondoshea ambayo inawasha kuliko moshi wenyewe. Mbuzi mmoja amezaa pacha. Mahindi ya upande wa mwamba yameliwa na viboko, ya upande wa barabara yamesalimika. Kaburi la baba yako nimelipalilia mwenyewe, limependeza.

Nakuandikia kwa jambo la furaha. Unalikumbuka sanduku la Sista Teodora, lile alilotuachia wakati masista walipofunga nyumba yao na kurudi Ulaya? Nimelifungua. Zile filimbi nne za mbao zimo zote, kuanzia ile ndogo hadi ile kubwa inayokufika kiunoni. Panya hawakuzigusa. Vitabu vyake vya muziki pia vimo, na humo kuna nyimbo za Noeli zilizotungwa Ulaya miaka mia nne iliyopita na zaidi, kabla piano haijatengenezwa. Watunzi wa zamani zile hawakusumbuka kuandika ni chombo gani kipige. Waliandika sauti nne au tano, basi. Mwenye pumzi alichagua inayomtosha. Kwa hiyo sidhani kama ninamkosea mtu ninapozihamishia kwenye mbao hizi, nikipandisha sauti hapa na kubadilisha zamu pale.

Nimepata wapigaji. Paskazia anapiga ya kwanza. Ya pili ni Odeta, binti ya Modesta muuza dagaa. Huyo utamsikia mwenyewe. Ya tatu ni mzee Ngosha katekista. Ya nne naishikilia mimi, lakini kifua changu hakitoshi. Ya nne ni yako, Shigela. Nilikulea na kukufundisha, sijasikia mtu mwingine akiifanya ile filimbi kubwa iongee kama wewe. Nataka tupige kigangoni, katika kanisa letu dogo, Mkesha wa Noeli. Njoo.

Nitumie uzi mweusi wa kuzungushia maungio ya filimbi, mishumaa, na karatasi kubwa kutoka duka la Kanubhai pale Mirongo. Nitazipiga mistari ya nota mwenyewe.

La mwisho. Chenge, anayepima samaki hapa mwaloni mitumbwi inapotia nanga, alipita kwangu na mgeni aliyevaa viatu vya ngozi. Walitembea ufukweni mwangu wakipima kwa hatua, kutoka mwambani hadi kwenye matete. Nilipowauliza wanatafuta nini, Chenge alisema wanaangalia upepo. Kama kuna unalolijua, niandikie.

Ni mimi shangazi yako,
Wilhelmina


Mabatini, Mwanza,
9 Julai 1995

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Sisi hapa tunaendelea. Selina na watoto wanakusalimu sana. Mdogo ameota meno mawili na hatulali.

Habari ya kazi ni kwamba ule mzigo umeshatuangukia. Chama cha ushirika kimetupunguza wengi, na mimi nimo. Miaka yote ile ya kupokea pamba imeishia kwa kupeana mikono getini. Lakini usihuzunike, nimeshapata pa kushika. Kuna tajiri mmoja ananunua sangara kwa ajili ya viwanda vya minofu, nami namtafutia maeneo ambayo magari ya barafu yanaweza kufika. Dunia ya sasa ni ya biashara, shangazi. Serikali imeachia, kila mtu ajitafutie.

Na huyo mgeni wa viatu vya ngozi ndiye tajiri wangu. Sikujua kama angekuja bila kuniambia. Amelipenda eneo lako, kwa sababu maji yake ni ya kina karibu na nchi kavu na barabara iko karibu. Wewe uko peke yako, macho yanakusumbua, na hata hivyo eneo hilo ni la ukoo. Hapa Mabatini kuna chumba. Ungekaa na wajukuu, ukatibiwa macho. Nakuomba ulifikirie jambo hili bila hasira.

Uzi, mishumaa na karatasi nimempa dereva wa basi. Kuhusu Noeli siwezi kuahidi, maana msimu huo kazi ni nyingi. Mdomo wenyewe umesahau.

Wako mtiifu,
Shigela


Nyabusalu,
27 Agosti 1995

Shigela mwanangu,

Habari za Selina na wajukuu? Mwambie ampake mtoto asali kidogo kwenye fizi. Hapa mbuzi wale pacha wanakimbia. Uzi ulifika, na mishumaa ilifika imeyeyuka kidogo kwa joto la injini, lakini mimi naitaka nta tu, ya kupaka uzi.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilidhani tungeongea ulipokuja mwanzo wa mwezi. Ulikula ugali wangu, ukaniuliza tena kuhusu eneo, nikakujibu tena kwamba siuzi. Halafu ukaenda kukaa na Chenge kwenye pombe mwaloni, na asubuhi nikaambiwa umeondoka na gari la samaki. Haikuwa tabia yako kuondoka bila kuaga. Nimesema hivyo ili lisibaki moyoni, sasa limetoka.

Tumekuwa na msiba. Mtoto wa jirani zangu wa upande wa matete amefariki kwa kichomi. Paskazia alimpigania siku mbili. Nilikwenda kuhani kama wengine. Sina mengi ya kusema juu ya msiba huo.

Afadhali nikueleze ya muziki. Nimemaliza kuupanga wimbo wa kumbembeleza Mtoto Yesu. Ulikuwa wa waimbaji watano, nami nimeubana ukae katika filimbi nne. Kazi ngumu ilikuwa ile sauti ya tano, maana ndiyo iliyokuwa ikijaza katikati. Nimeigawa vipande vipande kwa Odeta na mzee Ngosha, wanapokezana kama watu wawili wanaobeba ndoo moja. Mzee Ngosha huchelewa kupokea. Odeta humsubiri, kisha wanaendelea pamoja bila mtu kujua kwamba kuna aliyesubiri. Msichana huyu hakumaliza hata darasa la saba, lakini nota anazisoma kama mtu anayesoma majina ya ndugu zake. Akikosea hucheka ndani ya filimbi, na filimbi hutoa mlio wa bata.

Upo wimbo mwingine wa wachungaji, wa kuchezeka. Huo bila sauti ya nne iliyo imara ni kelele tu. Nimekuandikia sehemu yako kwa wino, siyo kwa penseli.

Shangazi yako,
Wilhelmina


Mwanza,
1 Oktoba 1995

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Hapa mjini ni kampeni tu, kila kona spika, kila mtu ana chama chake.

Naandika kwa haraka. Nakuomba kitu kimoja, na usiniulize sababu. Acheni kupiga filimbi nyumbani kwako jioni. Kama ni lazima, pigeni kanisani mchana watu wakiona. Huko vijijini watu wana mawazo yao, na wewe unakaa peke yako. Chumba bado kipo.

Selina anakusalimu.

Shigela


Nyabusalu,
29 Oktoba 1995

Mwanangu,

Nimepata barua yako fupi. Tumshukuru Mungu mmeamka salama. Leo ni siku ya kura, nimepiga yangu asubuhi na mapema na kidole bado kina wino. Mvua za kwanza zimenyesha. Macho yanaendelea kuwa mekundu, nimeyazoea.

Umesema nisiulize sababu. Nimefundisha shule miaka mingi mno kuweza kutii hilo. Lakini labda sababu ninayo tayari, nami nitakueleza ninachokijua.

Wiki iliyopita nilikuwa kisimani. Mama mmoja aliyembeba mtoto aliponiona alichukua pindo la kanga akamfunika mtoto pua na mdomo. Nilidhani ni vumbi. Hapakuwa na vumbi. Mzee Ngosha ndiye aliyeniambia, kwa shida sana, akiangalia chini. Watu wanasema filimbi zangu zinavuta pumzi za watoto. Kwamba mpigaji anapovuta hewa, hewa ile inatoka kwenye vifua vya watoto, na ndiyo inayoimba. Kwamba yule wa upande wa matete alikwenda hivyo. Na macho yangu, bila shaka, ni ushahidi.

Nilicheka, Shigela. Halafu sikucheka. Unajua vizuri kama mimi wanawake wazee wamefanywa nini katika vijiji vya huku, wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Lakini kitu kinachonishangaza ni ule uzushi wenyewe. Umetungwa na mtu anayejua jinsi filimbi inavyopigwa. Mvuvi hawezi kujua kwamba ile kubwa inakula pumzi kuliko nyingine, na hilo nalo linasemwa. Mzee Ngosha anajaribu kutafuta neno hili lilikoanzia. Mpaka sasa wote wanasema wamelisikia mwaloni.

Hatutaacha kupiga. Tukiacha leo, tutakuwa tumekiri. Modesta aliogopa mwanzoni, akamzuia Odeta siku chache, kisha alikuja naye mwenyewe jioni moja akaketi mlangoni na beseni lake la dagaa. Tulipomaliza aliuliza kama tunaweza kuurudia ule wa kubembeleza. Sasa huja mara kwa mara.

Mambo mengine ya hapa ni ya kawaida.

Shangazi yako,
Wilhelmina


Mwanza,
24 Novemba 1995

Shangazi mpendwa,

Shikamoo sana. Hali zetu ni njema kwa neema ya Mungu. Mtoto ameanza kusimama kwa kushika kiti. Selina amekushonea gauni la Noeli, hataki nikuambie rangi.

Nina habari ambayo najua utaipenda. Nimeongea na mwalimu wa kwaya wa kanisa letu hapa Mirongo, nikamweleza juu ya filimbi zako na nyimbo za kale. Amefurahi sana. Anataka mpige kwenye Mkesha wa Noeli, kanisa likiwa limejaa, taa zikiwa zimezimwa na mishumaa tu. Nami nitapiga sauti ya nne. Nimetafuta filimbi ya kuazima ya kufanyia mazoezi, nimekosa, kwa hiyo ni lazima mfike mapema. Mfike Jumamosi tarehe kumi na sita Desemba, siyo zaidi ya hapo. Nitawapokea stendi ya Buzuruga. Mtalala kwetu.

Njooni wote na sanduku zima. Nyumba ifunge, mbuzi wape jirani. Usiwaambie watu siku ya safari wala siku ya kurudi. Baada ya mwaka mpya tutaangalia. Kwa jinsi mambo yalivyofikia, hadi watu kukumwagia majivu mlangoni, sioni kwa nini uendelee kukaa hapo ukisubiri.

Nakuomba kwa jina la marehemu baba yangu, usikose tarehe hiyo.

Mwanao,
Shigela


Nyabusalu,
5 Desemba 1995

Shigela mwanangu,

Barua yako nimewasomea wenzangu, ukiacha yale uliyosema tusiwaambie watu. Paskazia alipiga vigelegele. Mzee Ngosha ameuliza kama kanisa hilo la mjini lina baridi, maana vidole vyake vikipata baridi havifungi matundu vizuri. Nimemwambia kanisa likijaa hakuna baridi.

Tutakuja tarehe kumi na sita, mimi, Paskazia na mzee Ngosha. Odeta atachelewa. Modesta ana mguu umevimba na dagaa wa giza la mwezi hawawezi kungoja, kwa hiyo binti atakaa hadi Alhamisi ile ya tarehe ishirini na moja, kisha atatufuata. Sehemu yake anaijua hata akiwa usingizini. Amesema atalala kwangu siku hizo, awaangalie mbuzi na kumwagilia mchicha. Filimbi yake nitamwachia ili asipoteze mkono. Hivyo nyumba haitakuwa tupu, nami sitakuwa na wasiwasi.

Unajua nini kimenifurahisha zaidi? Siyo kanisa la mjini. Ni wewe kusema utapiga. Nilianza kufikiri kwamba nimekupoteza kwa ajili ya huyo tajiri na magari yake. Nisamehe kwa hilo.

Barua nampa dereva wa basi, maana posta siiamini mwezi huu.

Shangazi yako akupendaye,
Wilhelmina


Mwanza,
14 Januari 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole. Pole sana tena sana. Sijui niandike nini. Tangu ulipoondoka hapa asubuhi ile ya Jumatano na Paskazia na mzee Ngosha, baada ya ujumbe kufika, nyumba yetu imekuwa kama ina mgonjwa. Selina bado analia. Gauni lako lipo.

Najua ulitarajia nije mazikoni. Tajiri alikuwa amenipeleka Musoma, na niliporudi yalikuwa yameshapita. Halafu mtoto aliugua. Barua yako ya mwezi wa kumi na mbili pia ilichelewa kunifikia, sikuisoma mpaka baada ya sikukuu.

Shangazi, watu wakipaniki wanasema mengi. Nimesikia Chenge na vijana wawili wa mwaloni wanatafutwa na polisi. Wasije wakataja majina ya watu ovyo ili kujiokoa. Mimi sikumtuma mtu. Nataka ulijue hilo kabla ya yote. Maneno ya kwenye pombe ni maneno ya kwenye pombe.

Tajiri amepata mwalo mwingine upande wa Magu, kwa hiyo habari ya eneo imekwisha. Rudi kwetu, usikae hapo. Na naomba kujua kama umeongea na mtu yeyote.

Shigela


Nyabusalu,
3 Februari 1996

Shigela,

Nimeipata barua yako. Macho yangu ni mazima kidogo, sipiki ndani tena. Nalala kwa Modesta. Mguu wake umepungua. Nyumba yangu mlango wake umeegeshwa tu.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu hukuja, na kwa sababu ni haki uyasikie kutoka kwangu. Jumanne ile, jua lilipokuwa linatua, Odeta alimaliza kufunga mbuzi, akawasha taa, akaketi ndani kupiga sehemu yake. Modesta alikuwa kwake anaanika nyavu, akimsikia. Anasema ulikuwa ule wimbo wa kubembeleza, na ilikuwa ajabu kuisikia sauti ya pili peke yake, maana ilikuwa inanyamaza na kusubiri mahali ambapo wengine wangepiga. Aliposikia imenyamaza alidhani ni pale pa kusubiri. Akangoja. Alipoona haiendelei, aliinuka.

Chenge na wale vijana wawili walisikia filimbi, wakaona taa, wakajua ni bibi, yaani mimi. Hawakumtazama uso mpaka walipomaliza. Hayo wameyasema wenyewe polisi walipokamatwa.

Tulimzika Alhamisi, siku aliyokuwa apande basi. Padre aliniuliza kama tunaweza kupiga. Tulipiga watatu, Paskazia, mzee Ngosha na mimi. Sikuupanga wimbo upya. Mahali pake tulipaacha wazi. Mzee Ngosha alipofika pale pa kupokea, alisubiri, kama binti alivyokuwa akimsubiri yeye. Akalia. Hatukumaliza.

Noeli hatukupiga popote.

Sasa nasema yangu. Umeandika kwamba hukumtuma mtu. Sikuwa nimekuuliza. Mwezi wa kumi na moja uliandika kwamba nimemwagiwa majivu mlangoni. Majivu yale niliyakuta alfajiri moja, nikayafagia kabla jirani yeyote hajaamka, na sikumwambia mtu, hata Paskazia, ili wasiogope kuja kufanya mazoezi. Wewe uliyajuaje? Uliposema maneno ya kwenye pombe, nilikumbuka usiku uliokaa na Chenge. Mzee Ngosha amemuuliza mtu mmoja mmoja, na njia yote inarudi pale. Chenge aliwaambia watu kwamba habari ya pumzi ameipata kwa mtoto wa nyumba hii hii, aliyeipiga ile filimbi kubwa akazimia mara moja akiwa mdogo. Ni kweli ulizimia. Nilikupepea kwa daftari. Hakuna mwingine aliyekuwepo.

Nadhani ulitaka niogope tu, nihame. Nadhani maneno yalikutoka, yakaenda, ukashindwa kuyakamata. Ulipojua wamepanga siku, ukaniita mjini kwa kutumia kitu ninachokipenda kuliko vyote. Uliniokoa. Hilo silikatai.

Lakini usiniandikie kwamba barua ilichelewa. Hata kama ilichelewa, niliposhuka kwenye basi pale Buzuruga uliuliza Odeta yuko wapi. Nikakuambia amebaki, analala kwangu. Ulikuwa umebeba begi langu. Uliliweka chini. Uliangalia basi tulilotoka nalo, likiwa linageuza. Nikakuuliza una nini, ukasema umechoka. Kisha ukaliokota begi tukaenda nyumbani, na jioni ile ukapiga sauti ya nne vizuri kuliko nilivyowahi kukusikia.

Modesta hajui. Anakuulizia. Anasema yule kijana wako aliyewaita mjini, Mungu ambariki, alitaka kumuona mwanangu anapiga mbele za watu.

Siwezi kulala katika nyumba yake na kuendelea kulisikia hilo. Njoo umwambie kwa mdomo wako. Nitasubiri hadi mwisho wa mwezi. Usipokuja nitamwambia mimi, kisha nitakwenda polisi.

Wilhelmina


Nyabusalu,
10 Machi 1996

Shigela,

Mvua ni nyingi, barabara ya kwenu imekatika mara mbili, lakini basi linapita. Nalisema hilo ili usije ukafikiri nimekusubiri bila kujua.

Kila basi lililosimama hapa mwezi mzima wa pili nilitoka nikaangalia. Mara moja aliteremka mtu mwenye mabega kama yako, kumbe ni mpima ardhi. Barua yako haikuja. Selina ndiye aliyeniandikia mistari michache, kwamba umeacha kula na umeacha kazi, na kwamba hajui kwa nini. Sikumjibu. Hilo ni lako kumwambia.

Eneo la ufukweni nimelipeleka serikali ya kijiji mbele ya mashahidi. Nusu ni la kigango. Nusu, ile ya upande wa mwamba, ni la Modesta, aanike dagaa wake bila kumlipa mtu ushuru. Wewe nimekuachia lilipo kaburi la baba yako na njia ya kufika hapo. Filimbi zile tatu zipo sandukuni. Ya Odeta ipo polisi, imepasuka.

Nilikwenda kwa mkuu wa kituo Jumatatu. Alinisikiliza, akaandika, akaniuliza mara mbili kama ninaelewa kwamba huyu ni mtoto wa kaka yangu. Nilisema ninaelewa. Alisema watakuja kwako, hakusema lini. Kama una akili iliyobaki, usiwasubiri. Nenda mwenyewe.

Lakini kabla ya polisi nilimwambia Modesta. Nilimwomba mzee Ngosha awepo. Tulimkuta ufukweni anageuza dagaa kwenye mawe. Nilimwambia yote kwa mpangilio, habari ya eneo, ya pombe, ya pumzi, ya majivu, ya wewe kutuita. Hakuacha kugeuza dagaa. Nilidhani hanisikii. Nilipofika mwisho aliuliza jambo moja tu.

"Alijua kama aliyebaki ndani ni mwanangu?"

Mzee Ngosha alinitazama. Nadhani alitaka niseme sijui.

"Alijua," nikasema. "Nilimwambia mimi, Jumamosi, stendi ya Buzuruga. Wao walikuja Jumanne."

Modesta alisimama wima, akajifuta mikono kwenye kanga. Akaangalia kule barabara inakotokea mlimani.

"Jumapili basi lilikuja," akasema. "Na Jumatatu lilikuja, yeye hakuwemo. Nilikuwepo. Niliwauzia abiria dagaa."

Wilhelmina